Vivuli Havibebi Jeneza

Viatu vilikuwa jozi mbili tu.

Hidaya Kasanda alisimama ukingoni mwa mkeka mkubwa, chini ya turubai lililofungwa uani kwa baba yake, akavitazama tena. Makubadhi ya Ustadhi Mfaume, yaliyolika kisigino cha kulia. Kandambili za buluu za Hatibu, mwanawe Ustadhi. Basi. Na juu ya mkeka walikuwa wameketi wanaume wasiopungua themanini, wengine wameinamisha vichwa, wengine wanajifuta machozi kwa ncha za kanzu. Upande wa jikoni vilio vya wanawake vilikuwa vikipanda na kushuka, utadhani amekufa sultani.

Hakuna anayepanda mkeka wa msiba na viatu vyake. Si hapa Tabora, si popote anapopajua yeye.

Alikuwa ameshuka kwenye treni ya Dodoma asubuhi ile, akapitiliza moja kwa moja chumbani kwa wanawake, akalia mpaka akachoka, na muda wote huo alikuwa akijifariji kwa wingi wa sauti zilizokuwa uani. Watu wamejaa, alijiambia. Baba alikuwa mtu wa watu, na watu wamekuja.

"Shangazi," alisema, akamfuata Shangazi Tausi, dada wa marehemu, aliyekuwa anafunika sufuria kubwa la ubwabwa lisilochotwa hata upawa mmoja. "Hawa wote ni vivuli?"

"Ndiyo, mwanangu. Si ndivyo watu wanavyokuja siku hizi?" Shangazi alimtazama kwa mshangao wa kweli. "Wewe ndiye fundi wao, halafu unaniuliza mimi?"

"Wote?"

"Nimepika nikijua wachache watakuja na miili yao. Wanakuja tu. Labda jua likipungua."

Hidaya aliingia mkekani, akapenya katikati ya waombolezaji, goti lake likapita ndani ya bega la mzee mmoja kana kwamba linapita kwenye mvuke wa chungu. Mzee alisogea kwa adabu. "Pole sana, binti yangu," alisema, na sauti yake ilikatika mahali panapostahili. Chini yake, juu ya ukindu, kilikaa kisahani cheusi kipana kama kiganja, kinawaka taa ndogo ya kijani. Zamani nyumba yenye msiba iliazima viti na masufuria. Sasa inaazima visahani, vinatandazwa mkekani, na kila kisahani kinasimamisha mtu.

Zamani kidogo ungeweza kuwatambua. Kivuli kilikuwa na pindo la buluu kuzunguka mwili, ili mfiwa ajue nani kaja na nani katuma. Watu wakalalamika kwamba pindo lile linawaaibisha. Hidaya, fundi mkuu wa mtambo wa Vivuli kwa nchi nzima, alilifuta mchana mmoja kabla ya chakula, akapongezwa. Sasa leo ndipo alipogundua kwamba hakufuta viatu. Hakuna aliyewahi kufikiria kivuli kivue viatu mlangoni.

*

"Maiti yuko tayari," alisema Ustadhi Mfaume. Alikuwa mzee mfupi mwenye goti bovu, na alizungumza huku akilikanda. "Tumemwosha mimi na Hatibu, tumemkafini. Kaburi lipo wazi. Tumswalie, tumtoe. Lakini atatolewa na nani? Mimi na mwanangu ni wawili."

"Mimi nitabeba."

"Leo sikukatazi. Ila ukibeba wewe tutakuwa watatu, na jeneza lina pembe nne. Na hilo goti langu nalihesabu kwa kujipendelea tu."

"Hatibu apite majumbani basi. Si watu wako hapo hapo mtaani?"

"Nimepita, dada," alisema Hatibu. Alikuwa mwanamume wa makamo, mpole, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyetukanwa asijue amjibu nani. "Kila mlango nimebisha hodi. Mlango unaitika wenyewe. Unaniambia, wenyeji hawapo, wako msibani kwa Mzee Nasibu. Nikawapigia simu. Simu inapokewa na kivuli, kinaniambia, ndugu yangu, niko msibani, pole nawe."



"Kivuli kinajuzu kwa kuhani," Ustadhi aliendelea. "Masheikh tulikaa, tukajadili, tukasema sawa, mtu yuko mbali, mtu anaumwa, atume kivuli kimfariji mfiwa. Lakini kumzika Mwislamu ni wajibu wa wote. Wakisimama wachache wakaufanya, waliobaki wamesamehewa. Wasiposimama hata hao wachache, wote wana dhambi." Aliutazama mkeka. "Leo kila mtu amejihesabu kwenye hao waliosamehewa."

Kilikuwepo kigari cha mtaa, kile kinachojiendesha, kimeegeshwa nje ya ua kikisubiri kuitwa. Ustadhi alikitazama mara moja, akayaondoa macho. Wote watatu walijua wosia wa marehemu. Mzee Nasibu Kasanda alikuwa mtu wa pembe ya mbele kushoto. Kila jeneza lililotoka mtaa ule, la tajiri, la mlevi, la mgeni aliyekufa gesti bila jina, bega lake lilikuwa pale mbele kushoto, na hakulitoa mpaka kaburini. Alipoanza kuumwa alimwambia Hidaya, kwa kauli yake na si kwa kivuli: "Sidai kitu kwa mtu. Ila nisiende kwa matairi, mwanangu. Nibebwe na watu." Na Hidaya alimwahidi. Aliahidi upesi, kama mtu anayeahidi kitu kisichoweza kukosekana.

Jua lilikuwa limeshapita katikati ya anga.

*

Alisimama mbele ya mkeka. "Jamani," alisema. "Nawashukuru wote. Baba anahitaji mabega mawili. Mawili tu. Ni nani anaweza kuja kwa mwili wake?"

Nyuso themanini zilimgeukia kwa huruma isiyo na doa.

"Tuko pamoja nawe, dada Hidaya," kilisema kivuli cha Bwana Chogo, muuza vipuri, jirani wa ukuta mmoja.

"Hauko peke yako," kilisema kingine.

"Mungu akupe subira."

Akajibiwa hivyo na mkeka mzima, kila mmoja kwa sauti yake, na Hidaya alikuwa anazijua zile sentensi. Alizichagua yeye. Kivuli hakikatai ombi, maana kukataa kunaumiza. Wala hakikubali, maana hakina ruhusa ya kumfunga mwenyewe kwa ahadi. Kinafariji. Ombi lenyewe kinalihifadhi, na jioni mwenyewe anasomewa muhtasari wa mema aliyoyatenda siku hiyo: umemhani fulani, umemjulia hali fulani, mtoto wa fulani umemwombea. Mchana hasumbuliwi. Hiyo ndiyo iliyowapendeza watu kuliko yote, kwamba mchana hawasumbuliwi.

Kulikuwa na njia moja ya kuwafikia. Mafundi waliiita pazia. Nyuma ya kila kivuli kuna jicho dogo, la bangili anayovaa mkononi au la chumbani, linalomtazama mwenyewe ili kivuli kisipotewe na sura yake. Pazia likifunguliwa, kisahani kinaacha kuonyesha mtu anayelia, kinamwonyesha mwenyewe alivyo, na yeye papo hapo anauona uso wa aliye mbele ya kisahani. Ufunguo ulikuwa kwenye kidole gumba cha Hidaya na sauti yake. Alikuwa amekula kiapo asiufungue. Uso wa mtu ndani kwake ni siri yake.

Alipoanza kupandisha mkono wa baibui, Shangazi Tausi alimshika.

"Unataka kufanya nini?"

"Nataka niwaone."

"Usiwaone, Hidaya." Shangazi hakupaza sauti. "Mimi najua hawapo. Unadhani nimekuwa mjinga? Najua Chogo yuko kwake amelala. Lakini ninapoamka asubuhi nyumba hii haina mtu wa kunisalimu, na kisahani kinanisalimu. Mzee Kitwana yule pale," alionyesha pembe ya mkeka, alipokaa mzee mwembamba mwenye kofia nyeupe, akivuta tasbihi, "kila alasiri anakuja kwangu, tunazungumza mpaka magharibi. Ananisimulia habari za reli, za treni zilizoanguka, za wake zake. Tangu baba yako alale kitandani, yule ndiye niliyekuwa naye. Ukiwafungua, sitaweza tena kujifanya. Wewe utapanda treni uondoke. Mimi nitabaki na viti vitupu."

Hidaya alimtazama shangazi yake, mwanamke aliyemlea, aliyewapikia watu wasio na matumbo, akaona kwamba anachotaka kumnyang'anya si uongo tu. Kwa baba kulikuwa na ahadi. Kwa shangazi kulikuwa na maisha yaliyobaki. Na kwa wale themanini kulikuwa na kiapo.

"Baba hatakwenda kwa matairi," alisema hatimaye, na machozi yakamtoka upya. "Nisamehe, Shangazi."

Akabonyeza gumba kwenye bangili, akalitaja jina lake kamili.

*

Vilio vilikatika kwa pamoja, kama redio iliyozimwa.

Kisha mkeka ukajaa watu. Bwana Chogo alikuwa amelala chali, mdomo wazi, singlendi imempanda tumboni. Kando yake, kijana aliyekuwa analia mpaka mabega yanaruka sasa alikuwa amesimama juu ya kochi akishangilia mpira. Mwingine anakata kucha za miguu kwa makini makubwa. Mwalimu mmoja aliyemfundisha Hidaya kuandika alikuwa anachagua rangi ya gari, anaguna, anarudia ya kwanza. Upande wa wanawake mmoja alikuwa anasukwa huku anacheka mpaka anampiga msusi wake mapaja. Hapakuwa na uovu wowote pale. Hilo ndilo lililomvunja Hidaya nguvu. Angewakuta wanaiba angeelewa. Walikuwa wanaishi tu, kwa raha zao, na kifo cha mtu aliyewabebea baba zao hakikuwa kimefika hata kwenye masikio yao.

Mmoja tu alikuwa analia kweli. Dada mmoja, Mwanakombo, mshonaji wa mtaa wa pili, alikuwa amekaa chini bafuni amekumbatia magoti, analia kwa sababu zake, na kumbe muda wote huo kivuli chake kilikuwa huku kikimfariji mtu mwingine.

Wakaanza kumwona. Kwanza walikunja nyuso, kama mtu anayemulikwa na tochi. Halafu wakatambua uso, turubai, jeneza lililofunikwa shuka ya kijani.

"Hidaya?" alisema Bwana Chogo, akavuta singlendi chini. "Wewe, kuna nini?"

"Baba amekufa, Bwana Chogo. Uko msibani kwake tangu asubuhi."

Alipiga kope. "Nilijua... nilidhani atazikwa... si watu wapo?"

"Watu ndio nyinyi. Jeneza lina wabebaji wawili."

Taa zikaanza kuzimika. Moja, tano, ishirini, watu wanakunja vivuli vyao kwa haya na kwa hasira. Mmoja alimtukana kabla hajazima. Mwalimu alizima bila neno. Kwa muda mfupi mkeka ukabaki ukindu mtupu wenye visahani vyeusi, na Hidaya alifikiri: nimemvunjia shangazi nyumba, nimevunja kiapo, na mabega sijapata.

"Hidaya." Ilikuwa sauti ya Shangazi Tausi, na haikuwa sauti yake. "Mbona Mzee Kitwana hajisogezi?"

Kisahani cha pembeni kilikuwa bado kinawaka. Kilionyesha chandarua kilichofungwa nusu, na mto, na juu ya mto ubavu wa uso uliokuwa umelegea na kunywea kwa namna ambayo uso wa aliyelala haufanyi. Kofia ilikuwa imeanguka pembeni. Jicho moja lilikuwa wazi. Hakikuwepo kitu ndani yake.

Ustadhi alisoma innalillahi kwa mnong'ono. Hatibu alikuwa ameshavaa kandambili zake.

"Hapana," alisema Shangazi Tausi. "Jana alikuwa kwangu. Nilimuuliza kama amekula. Akaniambia, Tausi, leo nimeshiba."

*

Nyumba ya Mzee Kitwana ilikuwa ya tatu kutoka pale. Madirisha yalizibwa vizuri, mashine ya baridi ilikuwa inanguruma taratibu, na pua ya mpita njia isingeambiwa kitu. Watoto wake walikuwa mbali, na bila shaka kila wiki vivuli vyao vilikuja kumjulia hali, na kivuli chake kiliwajibu kwamba hajambo.

Hidaya alijua imewezekanaje, na alijua akiwa bado anatembea. Mwanzoni kivuli kilisimama kwa mapigo ya moyo ya mwenyewe. Mapigo yakikosekana kwenye bangili, kivuli kinazimika. Lakini watu walivua bangili wakaoge, vivuli vyao vikatoweka katikati ya salamu za rambirambi, ikawa fedheha, malalamiko yakamiminika. Basi lile sharti liliondolewa. Kivuli kiendelee mpaka mwenyewe atakaposema basi. Nani aliyejiuliza wakati ule kuhusu mtu ambaye hataweza kusema?

Hatibu alibisha. Mlango huu haukuitika.

"Hodi," aliita Shangazi Tausi, amejishika kifua. "Hodi humu ndani. Kitwana."

Na kutoka chumbani mwanamke akaitika. "Karibuni."

Walitazamana. Hidaya aliijua sauti ile kuliko wote. Hatibu aliusukuma mlango kwa bega mara mbili, ukaachia.

Baridi iliwapiga usoni, na harufu nyuma yake. Kando ya kitanda, juu ya kisahani kilichokuwa sakafuni, alikaa Hidaya Kasanda. Alivaa baibui safi. Mkono wake ulikuwa juu ya shuka, karibu na mkono wa marehemu, na alikuwa ameinamisha kichwa kwa upole ambao Hidaya mwenyewe hakukumbuka kama aliwahi kuwa nao.

"Karibuni, poleni na jua," kivuli kiliwaambia. "Mzee anaendelea vizuri. Leo amelala mapema."

Hatibu alirudi nyuma hatua moja.

"Shikamoo, Shangazi," kikaongeza.

Hidaya alikumbuka. Alipohamia Dodoma alikiagiza kivuli chake kiwatembelee wazee wa mtaa aliozaliwa, kila juma, kwa zamu. Mzee Kitwana alikuwa wa kwanza, rafiki wa baba. Na kila jioni ya siku hiyo, akiwa ananawa ale, bangili ilimsomea: umemtembelea Mzee Kitwana, anakushukuru, hali yake ni nzuri. Alikuwa akiipenda sana jioni hiyo. Ilimfanya ajione mtu mwema. Majuma mangapi kivuli chake kilikaa hapa na kivuli cha maiti, kimoja kinaamkia, kingine kinaitikia marahaba, na katikati yao mzee wa watu amelala, hana wa kumfumba jicho?

Sakafu ilikuwa na vumbi. Lilikuwa vumbi jembamba, limetulia sawasawa kutoka mlangoni mpaka kitandani, bila alama ya unyayo, bila alama ya mtu aliyewahi kukaa.

"Kizime," alisema Shangazi Tausi. "Kizime hicho, Hidaya, kabla sijapiga kelele."

Akakizima.

*

Walikuja. Si wengi. Bwana Chogo alikuja amevaa kanzu kinyume, mishono nje, hakuinua macho. Kijana wa mpira alikuja na mwenzake. Mwalimu alikuja kwa bakora. Mwanakombo mshonaji alikuja macho yamevimba, akaenda moja kwa moja jikoni, akachukua sahani, akaanza kupakua ule ubwabwa bila kuambiwa. Ustadhi Mfaume alihesabu mabega kwa kidole, midomo ikicheza, halafu akaja mpaka mlango wa Mzee Kitwana.

"Baba yako tunaweza kumtoa sasa," alisema. "Huyu lazima kwanza mwenyekiti wa mtaa afike, na polisi, ndipo tumwoshe. Itakuwa kesho asubuhi. Twende ukamuage baba yako, jua linazama."

Hidaya alitazama kitanda. Shangazi alikuwa amemfumba mzee jicho kwa ncha ya mtandio wake, sasa alikuwa amesimama nje, hawezi kurudi ndani, na hakuna aliyemlaumu.

"Nani atakaa na huyu?" aliuliza Hidaya.

"Tutafunga mlango. Hatakwenda popote."

"Amefungiwa mlango vya kutosha."

Ustadhi alilikanda goti lake. "Hutamwona tena baba yako, mwanangu."

"Najua."

"Basi nitamwambia uko wapi," alisema Ustadhi, akaondoka akichechemea.

Hidaya alikaa sakafuni, mahali pale pale alipokuwa amekaa yule mwingine. Vumbi lilimshika baibui. Harufu ilikuwa mbaya, na baridi ilimwingia magotini, na alitaka kuondoka kila mara alipovuta pumzi. Alizima mashine, akafungua dirisha. Kwa mbali zikasikika sauti za wanaume, za kweli, zimepishana, moja mbele, nyingine imechelewa: la ilaha illallah. Zikakaribia. Zikapita chini ya dirisha, pamoja na kishindo cha miguu kwenye changarawe na mtu anayehema na mwingine anayesema, badilisheni, badilisheni, nipe mimi. Baba yake alikuwa anapita, mabegani mwa watu, kama alivyotaka.

Hakusimama kutazama. Aliunyoosha mkono wake, akaushika mkono wa Mzee Kitwana, uliokuwa mkavu na mgumu na mwepesi mno.

"Shikamoo, mzee wangu," alisema.

Akangoja, kwa mazoea tu, aitikiwe.